Shajara ya Mradi: Kutoka Gran Paradiso hadi Dufourspitze kwa Kamba ya Kiongozi

4 Februari 2023: Lengo na mpango

Lengo la mradi huu ni kufika Dufourspitze, mita 4,634, kilele kirefu kuliko vyote nchini Uswisi, tukiwa watu wawili kwenye kamba moja na kiongozi. Mimi ninaishi Munich. Mwenzangu, ambaye sasa naye yuko Ujerumani, alikulia Moshi na aliwahi kuongoza wageni Kilimanjaro. Sote tumesimama Uhuru, mita 5,895, na Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, kwa hiyo anayeangalia namba tu atadhani kwamba Alps ni kushuka daraja. Sivyo. Njia zote tulizopita Afrika Mashariki zilikuwa za kutembea, na hakuna hata moja iliyotutaka tufungwe kamba juu ya barafuto, yaani ile barafu nene inayosogea polepole mlimani na kuficha nyufa zake chini ya theluji.

Njia za Alps hupimwa kwa herufi za Kifaransa: F ni rahisi, PD ina ugumu kidogo, AD ina ugumu wa kadiri, na kuanzia D njia ni ngumu kweli. Njia ya kawaida ya Dufourspitze huhesabiwa kuwa kati ya PD+ na AD kufuatana na hali ya theluji. Mpandaji wa kati, kama tunavyolielewa neno hilo hapa, ni yule anayeitembea PD bila wasiwasi na anaanza kuigusa AD akiwa na kiongozi. Sisi leo hatujafika hapo.

Mpango wa mwaka huu ni mafunzo ya barafuto mwezi Juni, Gran Paradiso nchini Italia mwanzoni mwa Julai, vilele vya Monte Rosa, mlima ambao Dufourspitze ni kilele chake kirefu zaidi, upande wa Italia katikati ya Julai, kisha Dufourspitze mwishoni mwa Agosti. Tutaandika hapa kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama zake, ili mwenye historia kama yetu aweze kuifuata au kuirekebisha.

22 Aprili 2023: Kiongozi, bima na vifaa

Kiongozi wa milima mirefu katika Alps ni mtu aliyesomea kazi hiyo kwa miaka kadhaa na anayebeba beji ya shirikisho la kimataifa la viongozi wa milima, lililoanzishwa mwaka 1965, ambalo herufi zake ni UIAGM kwa Kifaransa, IVBV kwa Kijerumani na IFMGA kwa Kiingereza. Mtu anayejiita kiongozi bila beji hiyo tulimwacha mara moja, hata kama bei yake ilikuwa nusu. Taaluma hii ni ya zamani kuliko watalii wengi wanavyodhani: chama cha viongozi wa Chamonix kilianzishwa mwaka 1821 na kile cha Courmayeur mwaka 1850, na ni viongozi wawili wa Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel, waliofika Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, pamoja na Mwingereza Halford Mackinder mwezi Septemba 1899.

Swali la pili la kumuuliza kiongozi, baada ya beji, ni idadi ya wateja kwenye kamba yake. Kwenye Gran Paradiso kiongozi mmoja anaweza kuchukua wateja wanne au zaidi. Kwenye Dufourspitze wengi hawazidishi wawili. Kwenye Matterhorn, mlima mwingine mgumu wa Alps, ni mteja mmoja kwa kiongozi mmoja. Idadi hiyo hupanga bei kuliko kitu kingine chochote, na anayelipa kidogo mara nyingi amenunua nafasi kwenye kamba ndefu. Swali la tatu ni nini hutokea kwa malipo iwapo hali ya hewa itazuia safari. Jibu la swali hili litakwe kwa maandishi.

Bima ilituchukua muda mwingi. Anayesafiri kutoka Afrika Mashariki kwa viza ya Schengen hulazimika kuwa na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, lakini bima nyingi za safari hazihusishi upandaji wa kutumia kamba wala uokoaji wa helikopta. Nchini Ufaransa uokoaji unaofanywa na jandamaria (polisi wa kijeshi) wa milimani haulipishwi, ilhali Uswisi gharama humwangukia aliyeokolewa au bima yake. Tulijiunga na klabu ya Alpine ya Ujerumani, DAV, ambayo uanachama wake una bima ya uokoaji hadi euro 25,000, na kadi yake hupunguza bei ya kitanda kwenye vibanda vya milimani katika nchi zote tutakazopita.

Vifaa vimegharimu kila mmoja wetu takriban euro 640: buti ngumu zenye kingo ya kisigino ya kushika kramponi, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, kramponi zenyewe, shoka la barafu, mkanda wa kiunoni wa kupandia, helmeti, karabina tatu (pete za chuma zinazofunguka za kuunganishia kamba) na kamba nyembamba za kufungia mafundo. Buti zilikula karibu nusu ya fedha hizo, na zilistahili. Mwenzangu alitaka kutumia buti zake za Kilimanjaro. Fundi wa dukani alizikunja kwa mikono miwili mbele yetu akatuonyesha kwamba soli inayokunjika huiachia kramponi pale mguu unapoielemea.

18 Juni 2023: Mafunzo ya barafuto, Taschachhaus

Tumerudi kutoka Taschachhaus, kibanda cha mafunzo cha DAV kwenye mita 2,434 katika bonde la Pitztal, Austria. Kozi ilikuwa euro 690 kwa kila mtu, na chakula na kitanda vikaongeza takriban 380.

Kutembea kwa kramponi hujifunzwa haraka. Miguu huachana kidogo kuliko kawaida ili meno yasikamate suruali, na kwenye mteremko wa wastani unyayo wote hukanyaga bapa ili meno yote yaume barafu. Kilichotushinda mwanzoni ni uokoaji kutoka kwenye ufa. Mtu akitumbukia, wenzake hujitupa chini na kumzuia kwa uzito wao. Kisha mmoja wao huzika shoka lake ndani ya theluji, akafunga kamba kwenye shoka hilo na kuhamishia mzigo hapo, ndipo kazi ya kumvuta kwa puli ianze. Katika jaribio letu la kwanza shoka tulilolizika lilichomoka mara tu mzigo ulipohamishwa. Sababu zilikuwa mbili: mtaro ulikuwa na kina cha kiganja tu, na theluji ya upande wa mbele, ile inayopaswa kulizuia shoka, tulikuwa tumeikanyaga na kuipasua wakati wa kuchimba. Marekebisho ni kuchimba kufikia goti, kuikwepa kabisa theluji ya mbele, na kuchonga mfereji mwembamba ambamo kamba hupita kuelekea kwenye mzigo bila kulinyanyua shoka. Baada ya hapo halikuchomoka tena.

Tatizo la pili lilikuwa la mpangilio. Karabina na kamba za mafundo zilikuwa ndani ya begi, na mtu aliyelala kifudifudi akimzuia mwenzake hawezi kufungua begi. Sasa kila kitu cha uokoaji kinaning'inia kiunoni, upande uleule daima, na fundo la prusik, lile linaloibana kamba linapovutwa, tunalifunga kwa glavu nyembamba tukiwa tumefumba macho. Tulilirudia jioni zote mezani hadi vidole vikakariri.

Jambo moja linafaa kusisitizwa kwa atakayefuata njia hii. Kiongozi akiwa na wateja wawili na akatumbukia yeye, wateja hao ndio waokoaji. Kwa hiyo mafunzo haya hayakuwa pambo la kuongezea kwenye safari. Bila hayo tungekuwa tumeajiri kiongozi tusiyeweza kumsaidia.

2 Julai 2023: Gran Paradiso, mita 4,061

Tumefika kileleni. Njia ni Pont katika bonde la Valsavarenche, mita 1,960, hadi kibanda cha Vittorio Emanuele II, mita 2,735, kulala, kuondoka saa kumi alfajiri, kupanda moraini, yaani vifusi vya mawe vilivyoachwa na barafuto, kisha barafuto yenyewe, na kumalizia kwenye miamba yenye sanamu ya Bikira Maria. Kiongozi alikuwa mmoja kwa wateja wanne, euro 320 kila mtu, na kibanda pamoja na chakula takriban 65.

Mwendo wa pole pole tuliouzoea Kilimanjaro unafaa sana hapa, ila kuna tofauti ambayo tuliihisi mapema. Kule kundi husimama mara kwa mara, mgeni akanywa maji, akapiga picha, akapumua. Hapa kamba yote husimama mmoja akisimama, na kila kisimamo kinasogeza saa ya kushuka kuelekea wakati ambapo jua limelainisha madaraja ya theluji yanayofunika nyufa. Watu wanne kwenye kamba wana sababu nne za kusimama. Tulichelewa kileleni kwa saa nzima na zaidi kuliko tulivyopangiwa, ingawa hakuna aliyekuwa amechoka.

Gharama ya uchelewaji huo tuliilipa wakati wa kushuka. Theluji ilikuwa imelowa, ikajikusanya chini ya kramponi kama tofali zito, na meno hayakugusa tena barafu. Mwenzangu aliteleza mara mbili, na mara ya pili kamba ndiyo iliyomzuia. Kiongozi alitufundisha kuigonga kramponi kwa mpini wa shoka kila hatua chache, jambo linalochosha na kupunguza mwendo. Kramponi tulizonunua hazikuwa na zile sahani laini za plastiki zinazofungwa chini ili theluji isigande. Tumezinunua jana, euro 25 kwa jozi, na hakuna sababu ya mtu yeyote kwenda barafutoni bila hizo wakati wa kiangazi.

Uamuzi uliotokana na safari hii: kuanzia sasa hatutajiunga na kamba yenye wateja zaidi ya wawili.

16 Julai 2023: Monte Rosa upande wa Italia, na usiku uliotushinda

Mpango ulikuwa kupanda kwa lifti ya waya kutoka bonde la Gressoney hadi Punta Indren, mita 3,275, kulala kibanda cha Gnifetti, mita 3,647, na siku inayofuata kwenda Signalkuppe, mita 4,554, ambako Capanna Margherita imejengwa juu kabisa ya kilele, ili tulale humo na kuuzoesha mwili kimo kwa ajili ya Agosti. Kibanda hicho, cha juu kuliko vyote Ulaya, kilifunguliwa mwaka 1893 na kupewa jina la Malkia Margherita wa Italia, ambaye jina lake lipo pia kwenye kilele cha juu cha Rwenzori, mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kwa zaidi ya karne moja watafiti wamekwenda Capanna Margherita kuchunguza ugonjwa wa mwinuko, kwa sababu watu huugua pale kwa wingi. Nasi tuliugua.

Kupanda kulikwenda vizuri na tulifika kabla ya saa sita mchana. Saa nane mwenzangu alianza kuumwa kichwa, akakataa chakula, na saa kumi alitapika. Mimi nilikuwa na kichwa kizito lakini nilikula. Kiongozi alimwuliza maswali machache, akamtaka atembee kwa mstari ulionyooka, kisha akatuambia tufunge mabegi. Tulishuka jioni ileile hadi Gnifetti, kwenye theluji laini iliyotufikia magotini, na sehemu yenye nyufa juu ya kibanda tuliivuka kwa uangalifu mkubwa, kamba ikiwa imekazwa. Kushuka saa ile kulikuwa na hatari yake, na kiongozi alilisema hilo waziwazi, lakini mgonjwa anayetapika kwenye mita 4,554 halazwi akasubiriwa kuche. Kufika Gnifetti mwenzangu alikuwa tayari amepata nafuu, na usiku alikunywa supu.

Jambo hili limetufikirisha sana, kwa sababu mwenzangu amefika Uhuru mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Ukiliangalia kwa utulivu, maelezo yake ni mepesi. Uzoefu wa kimo ambao mwili huujenga hupotea ndani ya wiki chache baada ya kushuka. Sisi tulikuwa tumerudi Munich, mita 520, tangu Gran Paradiso. Kilimanjaro mgeni huanza kwa miguu kwenye mita 1,800 hivi, hulala Horombo kwenye mita 3,720 mara moja au mbili, na anapofika kibanda cha Kibo, mita 4,720, hupumzika saa chache tu kabla ya kuondoka usiku. Hapa lifti ilituvusha hatua zote za chini kwa muda wa chini ya saa mbili, kisha tukajaribu kulala karibu na kimo cha kibanda cha Kibo usiku wa pili. Kanuni inayopendekezwa na madaktari wa milimani, kwamba ukishapita mita 3,000 kimo cha kulala kisizidi takriban mita 500 kwa usiku, tulikuwa tumeivunja kwa mita 400 nzima.

Marekebisho: vilele vya juu vitawekwa mwishoni mwa safari moja isiyokatwa na kurudi mjini, Margherita itakuwa mahali pa kunywa chai na kushuka, na usingizi utakuwa kwenye vibanda vya mita 3,500 hivi. Safari hii iligharimu euro 780 kila mtu, pamoja na kitanda cha Margherita ambacho hakikulaliwa.

23 Agosti 2023: Dufourspitze imeahirishwa, Riffelhorn badala yake

Joto limeufunga mlima. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti, puto la hali ya hewa lililorushwa kutoka Payerne lilikuta nyuzi sifuri kwenye mita 5,298, kimo cha juu kuliko kilichowahi kupimwa Uswisi. Maana yake ni kwamba hata kwenye kimo cha kilele cha Dufourspitze, na cha Mont Blanc pia, hewa haikushuka hadi nyuzi sifuri usiku ule. Theluji isipoganda usiku, madaraja ya nyufa hayashiki, na mawe yaliyogandishwa ndani ya mwamba huanza kuachia. Msimu uliopita tarehe 3 Julai sehemu ya barafuto ya Marmolada, nchini Italia, ilivunjika katika joto la namna hii na kuua watu 11. Kiongozi alitupigia simu kabla hatujaondoka Munich akasema hapana, na hatukubishana naye.

Kampuni iliyopokea malipo yetu haikurudisha amana, euro 200 kila mtu, kwa sababu mkataba uliruhusu kubadilishwa mlima lakini si kurudishwa fedha. Msomaji atakumbuka swali la tatu la tarehe 22 Aprili. Tuliliuliza kwa simu na kujibiwa kwa maneno mazuri, lakini maandishi yalisema jingine. Mwakani tutamwajiri kiongozi moja kwa moja.

Hata hivyo siku iliyobadilishwa imekuwa na faida kuliko tulivyotazamia. Tulipelekwa Riffelhorn, mwamba wa mita 2,928 juu ya mji wa Zermatt, Uswisi, ambako viongozi wa huko huwapima wateja wanaotaka Matterhorn. Kiongozi hutembea nawe kwa kamba fupi, mita chache tu, nanyi mnasogea pamoja juu ya mwamba bila kusimama isipokuwa pale penye ugumu. Wakati wa kushuka mteja hutangulia na kiongozi hubaki nyuma yake juu, akishika kamba. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba tulikuwa wazito: tulishuka tukitazama mlima, mikono ikitafuta, wakati kiongozi alitaka tugeuke tutazame bonde na kushuka kwa miguu kama ngazi. Kwa mujibu wake, watu wengi hugeuka na kurudi kabla ya kilele cha Dufourspitze kwa sababu ya mwendo wao kwenye mgongo wa mwamba wa mwisho, wakiwa bado na pumzi ya kutosha. Alitupeleka kwenye mabamba ya mwamba bapa karibu na kituo cha reli, akatufunga kramponi, akatutembeza juu ya mawe makavu hadi tukaacha kuogopa ile sauti ya chuma kikikwaruza.

10 Machi 2024: Majira ya baridi

Mambo ya kawaida yameendelea: kupanda ngazi na vilima na begi la kilo 12, ukuta wa kupandia mara moja kwa wiki, mafundo. Jipya ni kwamba kila wikendi isiyo na theluji nyingi tumekwenda kwenye migongo ya mwamba iliyo rahisi upande wa Bavaria na Tirol tukiwa na buti ngumu za barafutoni badala ya viatu vyepesi, na tumejipima kwa saa wakati wa kushuka tu. Tunaamini kwamba kazi hii ya miezi ya baridi, isiyo na picha nzuri wala vilele vya kujivunia, ndiyo sehemu ya mradi inayostahili kuigwa kuliko nyingine zote.

Kiongozi wa Kiitaliano mwenye beji amekubali kutuchukua wiki ya mwisho ya Julai, wateja wawili, euro 480 kwa siku kwa sisi sote na nyongeza ya 300 kwa siku ya Dufourspitze. Chakula chake, kitanda na lifti hulipwa na wateja, kama ilivyo desturi.

26 Julai 2024: Castor, Naso na Grenzgletscher

Majira ya kuchipua yalileta theluji nyingi sana sehemu za juu, na hadi leo nyufa zimefunikwa vizuri kuliko mwaka jana. Tulilala Quintino Sella, mita 3,585, tukapanda Castor, mita 4,228, ambayo mgongo wake wa theluji ni mwembamba kiasi kwamba nyayo mbili hazikai sambamba. Siku iliyofuata tulivuka Naso del Lyskamm, mita 4,272, hadi Gnifetti. Tuliitazama Lyskamm yenyewe kwa mbali; kingo zake za theluji zinazotokeza hewani zimevunjika chini ya wapandaji wengi hadi watu wa Zermatt wakaiita mla watu.

Leo tulipita Capanna Margherita, tukanywa chai, na mwenzangu alikula sahani nzima ya pasta kwenye meza ambayo mwaka jana hakuweza kuiangalia. Kisha tulishuka barafuto la Grenzgletscher hadi kibanda cha Monte Rosa upande wa Uswisi, mita 2,883. Kushuka huko ni kurefu na kuna nyufa ambazo zingemeza basi. Tulianza mapema ya kutosha, na daraja moja tu lilizama chini ya goti langu. Kamba ilikuwa imekazwa na sikufika mbali.

Kesho ni mapumziko. Siku hii ya mapumziko tuliiingiza kwenye mpango kwa kusisitiza, ingawa inalipiwa.

28 Julai 2024: Dufourspitze, mita 4,634

Tumefika, saa tatu na nusu asubuhi.

Tuliondoka kibandani saa nane usiku. Kiongozi alikuwa ametupa masharti mawili jana jioni: tuwe kwenye shingo inayoitwa Sattel, mita 4,359, kabla ya saa mbili asubuhi, na popote tutakapokuwa itakapofika saa nne na nusu, tugeuke. Barafuto ilikuwa imeganda vizuri. Tulikwenda kwa mwendo wa Kilimanjaro, bila kusimama isipokuwa mara mbili za kunywa maji, na kwenye Sattel tulikuwa saa moja na dakika kumi. Hakuna aliyeumwa kichwa.

Mgongo wa magharibi ndio kazi yenyewe. Ni mwamba na theluji vikipokezana, kramponi hazivuliwi, na pande zote mbili ni mteremko mkali. Hatua tulizozifanya kwa hofu Riffelhorn tulizifanya hapa bila kuzifikiria. Kilichokwamisha ni msongamano: kamba mbili zilizokuwa mbele yetu zilisimama kwenye ngazi fupi ya mwamba, na upepo ulitukuta tukisubiri kwa muda uliotosha kuganda vidole. Glavu nene tulikuwa nazo ndani ya mabegi, na kufungua begi mahali pale haikuwezekana. Kiongozi alizichomoa zake kutoka kifuani mwa koti lake. Anayefuata njia hii aweke glavu nene kifuani kabla ya kuanza mgongo, na kwenye Sattel pana nafasi ya kufanya hivyo.

Kileleni pana msalaba na nafasi ya watu wachache. Waliofika hapa kwanza, tarehe 1 Agosti 1855, walikuwa Waingereza watano pamoja na viongozi wao, Matthäus na Johannes Zumtaugwald na Ulrich Lauener, na nimefurahi kuona majina ya viongozi hao yamehifadhiwa, kwa sababu nimekulia nchi ambako majina ya waliowabebea na kuwaonyesha wageni njia ya mlima mara nyingi hayakuandikwa. Mwenzangu aliulizwa na kiongozi kama amechoka. Alijibu kwamba yeye hula chakula cha mchana akifika chini, si juu.

Kushuka mgongo kulichukua muda uleule wa kupanda, nasi tulikuwa tumetazamia nusu yake. Kufikia barafuto ya chini theluji ilikuwa imelainika, tukazama hadi magotini, na tulifika kibandani saa tisa na nusu alasiri. Mpango ulikuwa kuendelea hadi kituo cha Rotenboden na kupanda treni ya kushuka Zermatt jioni ileile. Kiongozi alikataa, kwa kuwa njia hiyo inavuka barafuto nyingine na kuchukua saa nne au zaidi. Tumelala hapa usiku wa ziada, na tiketi za bei nafuu za treni ya Munich, euro 60 kila moja, zimepotea.

11 Agosti 2024: Hesabu na marekebisho kwa atakayefuata

Safari ya mwaka huu imegharimu kila mmoja wetu takriban euro 2,500: kiongozi 1,600, vibanda na chakula 580, nusu ya gharama za kiongozi 150, na zilizobaki ni za lifti na treni. Kozi, vifaa na safari za mwaka jana zilikuwa takriban euro 3,100 kwa kila mtu, na kati ya hizo tungeweza kuokoa amana iliyopotea pamoja na sehemu kubwa ya gharama za safari ya Monte Rosa ya mwezi Julai.

Kama tungeanza upya tungebakiza kozi ya barafuto, Gran Paradiso kwa wateja wawili tu, na Riffelhorn ndani ya mwaka wa kwanza, kisha tungesubiri mwaka wa pili kwa vilele vya Monte Rosa na Dufourspitze katika safari moja. Usiku wa ziada kwenye kibanda cha Monte Rosa baada ya kilele uhesabiwe tangu mwanzo, na tiketi ya treni iwe ya kubadilishika. Nafasi za kibanda hicho kwa wikendi za Julai huisha mapema, na kiongozi wetu huanza kupokea maombi ya kiangazi mwezi Januari.